Nionyeshe Ukurasa wa Mwisho

London hadi leo kuna shoka linalobebwa begani siku za gwaride. Wanaolibeba ni mafundi wa kwato wa kikosi cha farasi wa mfalme wa Uingereza, na ukilitazama kwa karibu utaona kwamba si shoka la kupasulia kuni. Upande mmoja lina makali mapana, na upande wa pili lina ncha nene kama msumari. Ncha ilikuwa ya kummaliza farasi aliyevunjika mguu vitani. Makali yalikuwa ya kukatia ukwato wake.

Ukwato ulikatwa kwa sababu ulikuwa na namba, iliyochomwa kwa chuma cha moto. Fundi alitakiwa aupeleke kwa wakubwa wake, waisome namba ile, wajiridhishe kwamba farasi amekufa kweli na hakuuzwa usiku kwa mwenyeji fulani. Baada ya hapo daftari likafutwa mstari mmoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na shoka lile ni methali hiyo hiyo imefuliwa kwa chuma. Kila nikilifikiria swali moja hunirudia: daftari lile lilimlinda nani? Lililinda hazina. Farasi mwenyewe alihesabiwa vizuri sana, akafa bila mtu kuulizwa alikufaje, ila tu kwamba amekufa.

Habari za wanyama wa jeshi zinapotufikia huku huwa ni za vyeo. Mbuzi amekuwa koplo, pengwini amekuwa jenerali, picha inazunguka kwenye simu kutwa nzima. Nadhani tunafungua jalada katikati. Kila mnyama wa jeshi ana jalada lake: mwanzoni iko namba, katikati ziko kazi alizofanya na pengine cheo alichopewa, na mwishoni imeandikwa alikwenda wapi kazi ilipokwisha. Ukitaka kulijua jeshi, soma pale mwishoni.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayobeba yote. Wafugaji wetu hili hawahitaji kufundishwa. Mjomba wangu aliwajua ng'ombe wake kwa mkato wa sikio, na jirani yake kwa chapa ya paja, na siku hizi serikali zinaleta hereni. Jeshi nalo limepita njia hizo hizo. Mbwa wa jeshi la Marekani, wanaofundishwa kambi ya Lackland huko San Antonio, Texas, huchorwa tatuu ndani ya sikio la kushoto: herufi moja na tarakimu tatu. Watoto wa mbwa wanaozaliwa kambini hapo hupewa majina yenye herufi ya kwanza iliyorudiwa, ili ukiliona jina limeandikwa tu ujue huyu amezaliwa hapa, hakununuliwa. Siku hizi kuna pia chipu chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele, yenye namba ya tarakimu 15 inayosomwa kwa kifaa cha mkononi.

Namba ya ukwato ina jambo lake la pekee. Ukwato hukua kama kucha zetu. Namba iliyochomwa juu hushuka kidogo kidogo, na baada ya miezi kadhaa hukatwa pamoja na kipande cha ukwato fundi anapousawazisha. Kwa hiyo lazima ichomwe upya, na mtu wa kuichoma lazima amjue mnyama kabla namba haijapotea. Katika jeshi la India kulikuwa na nyumbu jike aliyeitwa Pedongi, na hapa nasema nyumbu mtoto wa punda na farasi, si yule wa Serengeti. Ukwato wake ulikuwa na namba 15328. Katika vita vya mwaka 1971 alitekwa na Wapakistani, akatoroka, akarudi upande wa wenzake akiwa bado amefungwa mgongoni bunduki ya rashasha na masanduku ya risasi ya adui. Alidumu kazini miaka mingi kupita kawaida ya nyumbu. Hebu fikiria ni mara ngapi fundi aliinua mguu ule na kuandika tena tarakimu zile zile tano.

Njiwa ndio walioandikwa vizuri kuliko wote. Pete ya njiwa huvishwa mguuni akiwa kinda wa siku chache. Mguu ukishanenepa haitoki tena. Mwezi Februari 1942 ndege ya kivita ya Waingereza, ikirudi kutoka Norway, iliangukia Bahari ya Kaskazini. Watu wanne walijiokoa kwenye mtumbwi wa mpira, katika baridi ile, na redio yao haikufaa kitu. Ndani ya ndege kulikuwa na njiwa jike. Alitoka akiwa amelowa mafuta, bila barua, bila ujumbe wowote mguuni, akaruka usiku na alfajiri hadi bandani kwao Broughty Ferry, karibu na Dundee, Scotland, umbali wa kilomita zipatazo 190.

Mwenye banda, George Ross, alimkuta amechoka hoi. Akasoma pete: NEHU.40.NS.1. Hiyo 40 ni mwaka alioanguliwa. Ross akawapigia simu watu wa jeshi la anga. Kwa namba ile walijua ndege gani iliyombeba, na kwa kuwa walijua saa ndege ilipopotea na saa njiwa alipofika, wakapima mwendo wake, upepo, na uzito wa mafuta yaliyomlowesha, wakapata sehemu ya bahari ya kutafuta. Watu wanne walipatikana wakiwa hai. Baadaye njiwa yule aliitwa Winkie, na Desemba 1943 akawa miongoni mwa watatu wa kwanza kupewa Nishani ya Dickin, iliyoanzishwa mwaka huo na Maria Dickin, mwanamke wa Uingereza aliyeanzisha pia shirika la PDSA la kutibu wanyama wa watu maskini.

Nimeikalia habari hii kwa makusudi. Njiwa hakusema lolote, na pete nayo isingesema lolote kama asingekuwapo Ross wa kuisoma. Winkie hakuwa mali ya jeshi. Alikuwa njiwa wa mtu aliyejitolea ndege wake wasaidie vita. Kwenye jalada lake kulikuwa na namba, na kando ya namba kulikuwa na mtu mwenye jina ambaye angeuliza, "Njiwa wangu yuko wapi?" Tutarudi hapo.

Sasa vyeo. Tarehe 16 Juni 2006, huko Episkopi kisiwani Cyprus, askari wa kikosi cha Royal Welsh walikuwa kwenye gwaride la siku ya kuzaliwa ya Malkia wa Uingereza. Mbuzi wa kikosi, William Windsor, anayeitwa Billy, namba ya jeshi 25232301, cheo koplo usu, alikataa kwenda kwa mwendo wa wenzake na akajaribu kumpiga pembe mpiga ngoma. Alishtakiwa kwa utovu wa nidhamu na kukaidi amri, akashushwa cheo hadi askari wa kawaida. Miezi mitatu baadaye alikwenda vizuri kwenye gwaride jingine, akarudishiwa ukoplo. Pengwini Nils Olav, wa bustani ya wanyama ya Edinburgh, alipokewa na kikosi cha ulinzi wa mfalme wa Norway mwaka 1972 kama koplo usu, na ilipofika mwaka 2023 alikuwa meja jenerali. Jina hilo hurithiwa na pengwini mwingine wa kwanza akifa.

Sina neno na mila hizi. Askari wa Royal Welsh wanampenda mbuzi wao, na kikosi kisicho na kitu cha kupenda pamoja hakishikamani. Lakini tazama ni nani anayepanda vyeo: mnyama wa gwaride. Mbwa anayenusa bomu barabarani, ambaye akikosea anakufa yeye na watu watano nyuma yake, ana tatuu sikioni na basi. Askari wa Marekani wana desturi ya kusema kwamba mbwa huwa juu ya mwongozaji wake kwa cheo kimoja. Askari akiwa sajini, mbwa ni sajinitaji. Sababu yake ni nzuri: anayempiga mbwa anakuwa amempiga mkubwa wake. Naiheshimu desturi hiyo. Ila ni desturi ya mdomo, haimo kwenye kanuni, na siku mbwa akizeeka hakuna ofisi itakayolipa pensheni ya sajinitaji.

Kuna wakati cheo kilikuwa tiketi tu, na hilo nalo lina maana yake. Mwaka 1939 huko Simon's Town, Afrika Kusini, mbwa mkubwa aina ya Great Dane alikuwa akipanda treni pamoja na mabaharia kwenda Cape Town. Wafanyakazi wa reli walichoka naye wakatishia auawe. Mabaharia wakawaandikia wakubwa, na tarehe 25 Agosti 1939 jeshi la wanamaji la Uingereza likamwandikisha rasmi, kwa jina la Just Nuisance, kwa sababu baharia aliyeandikishwa alipanda treni bure. Alikuwa na karatasi ya nidhamu yenye makosa yake, likiwamo la kulala kitandani kwa mkubwa. Dubu Wojtek wa jeshi la Poland naye aliandikishwa kama askari, na namba yake na kitabu cha mshahara, ili apate kupanda meli kutoka Misri kwenda Italia mwaka 1944. Melini wanyama wa kufugwa hawakuruhusiwa. Hapo karatasi ilifanya kazi. Watu waliomjali mnyama waliona kwamba penye mlango wa kanuni hupiti bila maandishi, wakamwandika.

Na yuko mmoja ambaye cheo chake kilitoka jasho. Oktoba 1952, katika vita vya Korea, wanamaji wa Marekani walimnunua farasi jike mdogo kwa dola 250 ili abebe makombora. Walimwita Reckless. Machi 1953, katika mapigano ya kilima walichokiita Vegas, alipanda na kushuka mara 51 kwa siku moja, akabeba makombora 386, mara nyingi akiwa peke yake bila mtu wa kumshika kamba, kwa kuwa njia alishaijua. Alijeruhiwa mara mbili. Akapewa usajini, na mwaka 1959 usajinitaji, mbele ya mkuu wa kikosi kizima. Alifia kambi ya Pendleton, California, mwaka 1968, akazikwa kwa heshima. Ukurasa wake wa mwisho unasomeka bila kumwonea mtu aibu.

Sasa soma za wengine. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliwauza farasi wao wengi huko huko walikokuwa, Misri ikiwamo. Mwaka 1930 mwanamke aitwaye Dorothy Brooke alifika Cairo na mumewe, ofisa wa jeshi. Alikuta barabarani farasi wazee, mifupa mitupu, wakivuta mikokoteni, na kwenye ngozi zao ilikuwapo bado alama ya mshale waliyopigwa na jeshi la nchi yake. Miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita. Daftari la London lilishawafuta, lakini chapa haikufutika. Aliandika barua gazetini mwaka 1931 kuomba fedha, na ndani ya miaka michache walinunuliwa farasi 5,000, wengi wao kwa ajili tu ya kupewa siku chache za kupumzika na kifo kisicho na mateso. Hospitali aliyoifungua Cairo mwaka 1934 ndiyo chimbuko la shirika la Brooke, ambalo leo linahudumia punda hata Kenya. Sisi husema asante ya punda ni mateke. Pale Cairo punda na farasi ndio waliopigwa teke.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mbwa wa Marekani, kwa sababu ni nchi moja, vita viwili, na matokeo mawili tofauti kabisa. Katika Vita Kuu ya Pili mbwa wengi walitolewa na familia. Baba alimpeleka mbwa wa watoto wake, jina lake likaandikwa. Mmoja wao, Chips, aliteremka Sicily Julai 1943, akavamia kibanda chenye bunduki ya rashasha na kuwatoa waliokuwamo. Alipewa nishani mbili za wanadamu. Baadaye akanyang'anywa, kwa hoja kwamba nishani ni za watu. Lakini vita vilipokwisha Chips alirudi nyumbani kwa wenyewe, kama mbwa wengine wengi, baada ya kufundishwa upya kuishi na raia. Nishani ilipotea, mbwa akafika.

Vietnam haikuwa hivyo. Hapo jeshi lilikuwa likinunua mbwa wake, na mwenye mali alikuwa serikali peke yake. Walipelekwa mbwa wapatao 4,000. Waliorudi ni kama 200. Wengine waliachwa au waliuawa kwa sindano, kwa sababu katika orodha walikuwa vifaa, na kifaa kilichozidi hakisafirishwi. Waongozaji wao, vijana waliolala nao shimo moja na kuokolewa nao, walikabidhi kamba wakapanda ndege. Wapo waliozeeka na kilio hicho.

Nasema tofauti haikuwa upendo, kwa sababu vijana wa Vietnam waliwapenda mbwa wao vilevile. Haikuwa namba wala cheo. Namba zilikuwapo, na desturi ya cheo ilikuwapo. Tofauti ilikuwa nani ameandikwa mwanzoni mwa jalada. Alipoandikwa mtu mwenye haki ya kuuliza, ilibidi mwisho wa jalada ujibu. Ilipoandikwa serikali tupu, hakukuwa na wa kuuliza. Wamarekani walichukua miaka mingi kulirekebisha hilo. Novemba 2000 Rais Bill Clinton alitia saini sheria inayoruhusu mbwa wa jeshi wapewe watu wa kuwalea wanapostaafu, na waongozaji wao wa zamani ni miongoni mwa wanaoweza kuwachukua. Ilitokana na mbwa aitwaye Robby, ambaye mwongozaji wake aliomba apewe akanyimwa. Robby mwenyewe haikumfaa kitu. Afya yake ilikuwa imeharibika mno, akauawa mapema 2001.

Kwetu tuna mfano wa kujivunia, ingawa si wa jeshi hasa. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na Jeshi la Wananchi limeshirikiana nao tangu mwanzo. Kila panya ana jina, na rekodi ya kila zoezi: alikwaruza wapi, alipatia, alikosea. Hapati kibali cha kwenda uwanja wa hatari mpaka afaulu mtihani. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifanya kazi Cambodia, akapewa medali ya dhahabu ya PDSA mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu Juni 2021 kwa sababu alikuwa amezeeka na mwendo umepungua, akakaa na watunzaji wake akila ndizi na karanga, akafa Januari 2022. Hakuwahi kuwa hata koplo. Jalada lake limekamilika hadi mstari wa mwisho.

Ndiyo maana natamani Kikosi cha Mbwa na Farasi cha polisi wetu, na vikosi vyote vya namna hiyo Afrika Mashariki, viwaambie wananchi kwa kawaida kabisa mbwa wanapostaafu huenda wapi. Hiyo si siri ya ulinzi.

Na sasa lile lililonifanya niandike. Mwaka 1916 vita vya Wazungu vilipopamba moto katika ardhi yetu, farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi la Uingereza waliingia maeneo ya mbung'o na kufa kwa maelfu. Mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Kambi za wapagazi hao, kwa Kiingereza Carrier Corps, ndizo zilizotuachia majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wapatao laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Kwenye sanamu za askari mijini kwetu yameandikwa maneno kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Majina yenyewe hayakuandikwa. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao, au hawakuwekewa yoyote. Miaka ya 1920 maofisa waliamua kwamba Waafrika hao hawahitaji kaburi lenye jina. Jeshi lile lile lililokata ukwato ili farasi mmoja asipotee kwenye hesabu.

Ninajua njiwa wa Broughty Ferry alianguliwa mwaka gani na banda lilikuwa la nani. Kama nyumbani kwenu linatajwa bado jina la babu aliyechukuliwa mwaka 1916 au 1917 kwenda kubeba mizigo na hakurudi, liandikeni leo, na jina la baba yake, na kijiji alikotokea.